Sahihi Niliyoitia Peke Yangu



Mwezi huu nataka tuketi pamoja, wewe na mwenzi wako wa ndoa, tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulikumbuka tu maji yakishafika shingoni. Ni jambo la kuwa mdhamini wa mkopo wa mtu mwingine. Zaidi ya hapo, nataka tuone la kufanya ikiwa ulidhamini zamani na leo huna hata karatasi moja ya kuonyesha. Sitazungumza kama wakili, maana mimi ni katekista tu na masomo yangu yaliishia kidato cha nne. Nitazungumza kama mume ambaye jambo hili lilimpata nyumbani kwake.

Hati haiko sandukuni

Mwaka 2007, mimi na mke wangu tulikuwa na miaka mitatu tu ya ndoa. Kaka yangu mkubwa alipata nafasi ya kununua nyumba mjini kwa mkopo wa benki. Benki ikamwambia kwamba nyumba peke yake haitoshi, alete mdhamini mwenye ardhi. Akaja kwangu. Baba alikuwa amenigawia robo tatu ya ekari, na hati ya shamba hilo, hii tunayoiita taito, ilikuwa na jina langu. Kaka ndiye aliyenilipia karo ya shule. Ningemwambia nini? Nilimpa hati, nikatia sahihi kila mahali nilipoonyeshwa kwa kidole, nikarudi nyumbani. Mke wangu aliponiuliza nilikotoka, nilimwambia nilikuwa nimemsindikiza kaka mjini. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli uliokatwa nusu ni jirani wa uongo.

Miaka ikapita. Kaka alilipa vizuri, nami nikasahau. Mwaka 2020 Mungu alimwita kaka. Mwanzoni mwa 2023 binti yetu, aliyekuwa ametoka kufanya mtihani wa kidato cha nne, akawa anatafuta karo ya chuo cha uuguzi. Mke wangu akasema, "Baba, tuna shamba. Tuchukue mkopo mdogo kwa hati yetu, tutalipa kwa maziwa." Akafungua sanduku la bati chini ya kitanda. Akatoa vyeti vya ubatizo, cheti chetu cha ndoa, kadi za kliniki. Hati haikuwemo.

Ilinibidi niseme. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Una karatasi gani ya kuonyesha?"

Sikuwa nayo. Nilienda kwenye benki ile, wakaniambia hawana mteja mwenye jina langu. Nilienda kwa shemeji yangu, mjane wa kaka, naye akaniangalia kwa jicho la wasiwasi. Kijana wake mkubwa aliniuliza waziwazi kama nimekuja kudai fungu katika nyumba ya baba yake. Nilitoka pale nimeinama. Hebu fikiria, msomaji. Nilikuwa nimemsaidia ndugu yangu kwa moyo mweupe, na sasa nilionekana mwizi kwa shemeji na mwongo kwa mke wangu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilikaribia kupoteza mali na watu pia.

Tobiti na ile karatasi ya nusu mbili

Katika Biblia yetu kuna Kitabu cha Tobiti, ambacho wengi tunakijua kwa sababu husomwa katika Misa za ndoa. Tunakumbuka sala ya Tobia na Sara, lakini tunasahau safari ile ilianzia wapi. Mzee Tobiti alikuwa ameweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Umedi. Miaka ishirini ikapita. Akawa kipofu, akawa maskini, mkewe Ana akifanya kazi ya kufuma ili wapate chakula. Ni pale alipojiona karibu na kufa ndipo alipokumbuka ile fedha na kumwambia mwanawe.

Kijana akauliza swali lile lile la mke wangu: huyo mtu atanijuaje, nami nitampa ishara gani ili aniamini? Tobiti alikuwa na jibu. Waliandikiana hati na Gabaeli, wakaigawa sehemu mbili, kila mmoja akachukua yake. Malaika Rafaeli alipofika Rage na karatasi ile, Gabaeli hakubisha. Alileta mifuko ikiwa bado na mihuri yake, akaihesabu.

Tunajifunza mambo mawili hapa. La kwanza, hata watu waaminifu huandikiana. Kuandika hakumaanishi kwamba humwamini ndugu yako. Ni kumlinda yeye na wewe, na wale watakaobaki nyuma yenu. La pili, kitabu hakituambii kama Ana alikuwa akijua habari za fedha ile. Tunachoona ni kwamba alifuma ili wapate chakula, na waliwahi kugombana kwa ajili ya mwana-mbuzi mmoja. Mume na mke, jadilianeni hilo.

Tena usidhani kwamba kudhamini ni dhambi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 29, anasema mtu mwema humdhamini jirani yake, na anamwonya aliyedhaminiwa asisahau wema huo. Lakini papo hapo anasema dhamana imewaangusha wengi waliokuwa na mali. Yote mawili ni kweli.

Karatasi ipo, ila haipo kwako

Jambo la kwanza linalotia moyo ni hili. Kwa sheria ya Kenya, Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, huwezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine isipokuwa ahadi hiyo imeandikwa, na wewe au uliyempa idhini ametia sahihi. Maana yake, ikiwa ulidhamini mkopo wa benki, karatasi iliandikwa. Iko mahali fulani. Kazi yako ni kujua milango ya kubisha.

Kwanza kabisa jiulize: nilidhamini kwa sahihi peke yake, au kwa sahihi pamoja na hati ya ardhi? Aliyetoa sahihi tu, alama zake ziko benki, kwa mkopaji na kwa wakili. Aliyetoa hati, alama zake ziko pia katika afisi ya ardhi ya serikali, na huko hazifutiki kwa urahisi. Fuata hatua hizi.

1. Andika unachokumbuka. Chukueni daftari, mke na mume, muandike mwaka, tawi la benki, jina kamili la mkopaji, nambari ya shamba, jina la wakili, na nani alikuwepo. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilitafuta kwa jina langu, kumbe faili la mkopo hufunguliwa kwa jina la mkopaji. Mdhamini ni karatasi ndani ya faili la mwingine.

2. Fanya upekuzi katika afisi ya ardhi. Wengi huita kufanya sachi. Unahitaji nambari ya shamba na kitambulisho, na unalipa ada. Tangu Aprili 2021 kuna mtandao wa serikali wa Ardhisasa, ulioanza na mashamba ya Nairobi. Ulizia kama shamba lako tayari limeingizwa humo. Daftari la kila shamba lina sehemu tatu: ya kueleza shamba lenyewe, ya mwenye shamba, na ya mizigo iliyo juu yake. Rehani ya benki huandikwa katika sehemu hiyo ya tatu, pamoja na tarehe na kiasi. Cheti cha upekuzi huonyesha mzigo ulioko sasa. Ikiwa deni lilikwisha na rehani ikafutwa, omba nakala iliyothibitishwa ya daftari lenyewe, ile kadi ya kijani, ambayo huonyesha na yaliyopita.

3. Omba nakala ya hati ya rehani. Ukishapata tarehe na nambari ya kuandikishwa, mwombe msajili nakala iliyothibitishwa ya hati iliyowekwa siku ile. Humo utaona jina lako, sahihi yako, jina la mkopaji na wakili aliyeshuhudia. Huo ndio ushahidi ambao hakuna anayeweza kuubisha kirahisi.

4. Kumbuka Bodi ya Ardhi. Shamba la kilimo haliwekwi rehani bila kibali cha Bodi ya Ardhi ya eneo, na ndivyo ilivyokuwa tangu sheria ya mwaka 1967. Kwa hivyo, ikiwa shamba lako ni la kilimo, kuna fomu iliyojazwa na kumbukumbu za kikao. Nitarudi kwenye hatua hii, maana hapo ndipo niliposhikwa.

5. Nenda kwa mkopaji au familia yake. Tafuta barua ya benki ya kumkubalia mkopo. Barua hiyo hutaja dhamana zote zilizotakiwa, na wadhamini. Ikiwa mkopaji amefariki, nenda kwa heshima, ukiwa na mwenzi wako na mzee mmoja wa familia. Usiende peke yako kama nilivyofanya mimi.

6. Iandikie benki barua. Usiulize kwa mdomo tu kwenye dirisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona habari zako zinazowekwa na mtu au kampuni yoyote. Taja nambari ya shamba, jina la mkopaji na mwaka, ambatanisha nakala za hatua ya pili na ya tatu, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Lakini usichelewe. Sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia fedha haramu inazitaka benki kuhifadhi kumbukumbu zisizopungua miaka 7 baada ya shughuli kwisha. Baada ya hapo faili linaweza kuwa limeondolewa.

7. Omba ripoti yako ya mikopo. Kampuni zinazohifadhi habari za mikopo hapa Kenya zinatakiwa kukupa ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Huenda ikakuonyesha deni linalohesabiwa juu yako. Wale mliodhaminiana katika Sacco, ombeni huko taarifa ya akiba na dhamana zenu. Wengi wetu tumefunga akiba kwa ajili ya wenzetu ambao hata hawako kazini tena.

Nakuonya pia juu ya njia moja ya mkato. Rafiki mmoja alinishauri niende polisi niseme hati imepotea, kisha itangazwe katika Gazeti la Serikali, na baada ya siku 60 nipewe nyingine. Njia hiyo ipo, lakini ni ya hati iliyopotea kweli. Mimi nilijua hati yangu iko benki. Kuapa kwamba imepotea kungekuwa kiapo cha uongo, yaani kosa mbele ya Mungu na mbele ya korti.

Kilichoandikwa katika kitabu cha Bodi

Mimi nilianzia Bodi ya Ardhi, kwa kuwa ndipo karibu na nyumbani. Mke wangu alikuja nami. Karani alikuwa mtu mwema. Alitafuta karibu saa nzima katika vitabu vya zamani, akapata kile cha 2007. Akatusomea nambari ya shamba, jina langu, kiasi cha shilingi 800,000, na mwishoni maneno machache: mke ameelezwa, amekubali.

Nilikuwa nimesahau. Siku ile mzee mmoja wa Bodi aliniuliza mama yuko wapi, nami nikajibu kwamba ana mtoto mchanga lakini hana neno. Wakaandika.

Nilikuwa nimeupata ushahidi niliokuwa nikiutafuta, na ndani yake kulikuwa na ushahidi dhidi yangu. Katika matatu, mke wangu aliangalia nje ya dirisha njia nzima. Usiku, watoto walipolala, alisema kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo mimi nilikubali."

Ndugu zangu waume, nisikilizeni. Ningeweza kujitetea kwamba wakati huo sheria haikudai mke atie sahihi, kwamba nilikuwa namlipa kaka fadhila, kwamba deni limelipwa na hakuna aliyeumia. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Mungu alinisaidia nikanyamaza, kisha nikasema, "Hukukubali. Nilidanganya." Jumamosi iliyofuata nilikwenda kitubio. Padre aliniambia kwamba kuondolewa dhambi ni jambo moja, na kurudisha kilichovunjika ni jingine, na la pili huchukua muda. Ni kweli. Tulichukua miezi.

Kilichosaidia ni kwamba safari zilizobaki tulizifanya pamoja. Mke wangu ndiye aliyeshika faili. Katika afisi ya ardhi tulipata rehani ikiwa bado imeandikwa. Tulipopata nakala ya hati yenyewe, ni yeye aliyeipeleka kwa shemeji, wakaketi jikoni wawili tu. Shemeji alipoona sahihi ya marehemu mumewe chini ya yangu, alilia, kisha akaleta mkoba wa kaka uliokuwa juu ya kabati. Ndani yake mlikuwa na barua ya mkopo yenye jina langu, na barua nyingine ya 2017 ikisema deni limekwisha. Kaka alikuwa amerudishiwa hati ya nyumba yake; ya kwangu ilibaki katika bahasha nyingine, na hakuna aliyeikumbuka. Yule kijana aliniomba msamaha. Nilimwambia hakuwa na kosa, maana mimi ndiye niliyemwachia jambo bila maandishi.

Benki, ilipoandikiwa kwa jina la kaka na nambari ya shamba, ilipata faili. Ikatia sahihi hati ya kuondoa rehani, tukaiandikisha afisi ya ardhi pamoja na taito, na mzigo ukafutwa. Hili msilisahau: deni kulipwa si mwisho. Mpaka rehani ifutwe katika daftari, shamba lako bado limefungwa. Hati ilirudi sandukuni mwaka 2024. Karo ya muhula wa kwanza tulikuwa tumeshailipa kwa kuuza ng'ombe mmoja aliyekuwa akikamuliwa vizuri. Hiyo ilikuwa bei ya ukimya wangu.

Sheria ya sasa inasemaje

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inasema rehani juu ya nyumba ya ndoa haina nguvu bila idhini ya mwenzi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo inasema, katika ndoa ya mke mmoja kama yetu, mali ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya wote wawili. Ni sheria nzuri. Lakini wake wapendwa, idhini hiyo ni sahihi yako. Usiitie kwa sababu umeambiwa "weka tu hapa." Omba kusoma, omba kutafsiriwa, omba nakala. Nao akina mama wanaodhamini wenzao katika chama na Sacco bila mume kujua, somo hili ni lenu pia.

Mtu akikuomba umdhamini leo, ulizeni pamoja mambo manne: kiasi gani, hadi lini, tutapoteza nini asipolipa, na nakala yetu itakaa wapi. Ukilazimika kulipa kwa niaba yake, tunza kila risiti, maana una haki ya kumdai. Na mdhamini akifa, msidhani dhamana imezikwa naye. Deni linaweza kudaiwa katika mali aliyoiacha. Ndiyo sababu mwenzi na watoto wakubwa wanapaswa kujua.

Kazi ya nyumbani

Jioni moja wiki hii, redio ikiwa imezimwa na simu zimewekwa kando, ketini wawili na mjibu maswali haya:

1. Je, kuna mtu niliyemdhamini ambaye mwenzangu hamjui? Nani, lini, na kwa kiasi gani?

2. Hati zetu zote ziko wapi? Tuzitoe tuzione kwa macho, leo.

3. Kuna deni lililokwisha ambalo hatukupewa karatasi ya kufunga?

4. Nikiitwa na Mungu usiku huu, mwenzangu atajua aanzie wapi?

5. Tunapokubaliana "ndiyo" kwa ndugu, je, ndiyo hiyo ni ya wawili au ya mmoja?

Kisha nunueni daftari la shilingi chache. Andikeni kila dhamana, tarehe, benki au Sacco, na mtie sahihi wote wawili. Letu liko katika sanduku lile lile la bati, juu ya cheti cha ndoa. Mke wangu ndiye aliyeandika ukurasa wa kwanza. Aliandika habari za kaka, mwaka 2007, shilingi 800,000, kisha mwishoni akaongeza kwa mwandiko wake: mke ameelezwa 2023.

Hakuandika kwamba amekubali. Nami sikumwomba aandike. Inatosha kwamba sasa tunaandika katika daftari moja.

Mungu azibariki ndoa zenu. Tuonane mwezi ujao.